UZI: Sam Mills, lainibeka mfupi aliyekatwa mara mbili kabla ya kujengewa sanamu

MzeeWaYadi

Wakuu habari za jioni.

Hili jambo limenikaa kooni muda mrefu, naona leo nilitoe hapa jukwaani. Ukikutana na mtu anayefuatilia NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, ukamtajia Sam Mills, tisa kwa kumi atakwambia aah, yule wa Keep Pounding (yaani endelea kupiga, usikate tamaa), yule kocha wa timu ya Carolina Panthers aliyeumwa kansa. Basi, maongezi yameishia hapo. Mimi inaniuma, kwa sababu yule bwana kabla hajawa kauli mbiu alikuwa mchezaji, tena mchezaji ambaye makocha waliomuona kila siku mazoezini walikuwa wakihama timu wanahama naye. Nataka tumuongelee kama mchezaji. Ugonjwa tutaufikia, siukwepi, ila usiwe ndo mwanzo na mwisho.

Nitaandika kwa vipande maana ni ndefu. Mwenye swali aulize, mwenye nyongeza aongeze.

Kwanza kwa ambao huu mchezo ni mgeni kwenu. Difensi ina watu 11. Mbele kabisa yapo majitu ya kilo 130 na kuendelea, kazi yao kusukumana na majitu ya upande wa pili. Nyuma kabisa wapo wenye mbio wanaolinda pasi ndefu. Katikati ya hao ndo kuna malainibeka, na hawa wanatakiwa waweze vyote, amzuie mkimbiaji anayepita katikati ya majitu, arudi nyuma kulinda pasi, na saa nyingine aende mwenyewe kumvamia kwotabeki, yule wa upande wa pili anayeanzisha mashambulizi na kutoa pasi. Lainibeka wa kati ana mzigo mwingine juu ya huo, yeye ndo anayepanga wenzake kila mara kabla mpira haujachezwa, anawapigia kelele wewe sogea huku, wewe angalia yule, wanabadilisha. Mchukulie namba sita wetu wa kandanda, yule anayesoma mchezo na kukata njia, isipokuwa huyu kila baada ya sekunde chache anagongwa na mtu mwenye uzito mara mbili ya wako.

Sasa kwa nafasi hiyo makocha wa NFL miaka yote wametaka mtu wa sentimita 188 kwenda juu. Sam Mills alikuwa na 175. Futi tano na inchi tisa. Ukisimama naye dukani hujui kama ni mchezaji, labda ukimwangalia shingo na mabega, maana alikuwa na kilo kama 104 zimekaa pamoja.

Kasuku wa Kigamboni

Nimeweka kiti mbele kabisa mkuu, shusha mzigo

MzeeWaYadi

Naendelea.

Kazaliwa tarehe 3 Juni 1959 huko Neptune, New Jersey, akakulia Long Branch, mji wa pwani pale pale jimboni. Shuleni alicheza futiboli na pia alipiga mieleka, na hii mieleka muiweke akilini nitairudia. Vyuo vikubwa havikumtaka, akaenda Montclair State, chuo cha daraja la tatu kwenye michezo. Daraja la tatu hawatoi ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo, yaani unacheza kwa kupenda, skauti wa NFL wanapita hapo kwa nadra sana. Jamaa akaangusha watu pale miaka minne, rekodi za chuo zikawa za kwake.

Ikaja drafti ya 1981, yaani zoezi la timu za NFL kuchagua wachezaji wapya kwa zamu. Kipindi hicho drafti ilikuwa na raundi 12, walichaguliwa wachezaji zaidi ya 300. Raundi 12 zote! Jina lake halikuitwa.

Cleveland Browns wakamkaribisha kambini kama mchezaji huru. Akapambana, akapita mchujo wa kwanza, akapita uliofuata, mpaka mchujo wa mwisho kabisa kabla ya msimu ndo wakamkata. Kocha alikuwa Sam Rutigliano. Mwaka uliofuata, 1982, akavuka mpaka kwenda Kanada kujaribu na Toronto Argonauts, nako wakamkata.

Akarudi nyumbani New Jersey akaajiriwa kufundisha shule ya sekondari East Orange. Alikuwa anafundisha karakana ya useremala na upigaji picha, jioni anasaidia kufundisha timu ya shule. Miaka 23, ana familia, ana kazi ya heshima. Wengi tungeishia hapo na wala pasingekuwa na aibu yoyote.

Mwalimu Rehema

Mleta mada hapo kwenye ualimu umenigusa. Mimi nafundisha sekondari na najua jioni unavyotoka darasani umechoka. Swali langu, huyu alikuwa bado anafanya mazoezi kipindi hicho au alishaacha akarudishwa na bahati?

MzeeWaYadi

Mwalimu, hakuacha. Na aliyemrudisha ni yule yule aliyemkata, hapa ndo pananifurahisha kuliko sehemu zote.

1983 ilianzishwa ligi mpya inaitwa USFL, inachezwa majira ya masika ili isigongane na NFL. Carl Peterson alikuwa anaunda timu ya Philadelphia Stars, na Rutigliano wa Cleveland akampendekezea Mills. Yaani kocha aliyemtoa kambini anamwambia mwenzake huyu kijana usiangalie urefu wake, anajua kucheza. Fikiria inachukua nini kwa kocha kusema hivyo kuhusu mtu aliyemkata kwa mkono wake. Rutigliano alimkata kwa sababu ya vipimo, lakini macho yake yalikuwa yameona kitu kambini pale na hakikumtoka.

Kocha mkuu wa Stars alikuwa Jim Mora. Mora naye mara ya kwanza anamuona akaona huyu mfupi mno. Mazoezi yakaanza, siku ya kwanza watu wanagongana, Mora anaangalia, nani kamuangusha mkimbiaji? Yule mfupi. Tena? Yule mfupi. Akabaki kwenye timu na wakampa jina la Field Mouse, panya wa shambani. Misimu mitatu ya USFL, mitatu yote akawa kwenye kikosi bora cha ligi. Stars wakafika fainali zote tatu, 1983 wakafungwa na Michigan Panthers 24-22, 1984 wakawapiga Arizona Wranglers 23-3, 1985 timu ikiwa imehamia jina la Baltimore wakawapiga Oakland Invaders 28-24.

Jiwe_la_Pembeni

Mkuu naomba nikuvuruge kidogo kwa heshima. USFL ilikuwa ligi ya watu waliokosa NFL, ilikufa ndani ya miaka mitatu, mahakamani 1986 wakashinda kesi dhidi ya NFL wakapewa dola moja ikazidishwa mara tatu zikawa dola tatu. Sasa kuwa bora kwenye ligi ya hivyo unapima vipi? Si ndo maana hata wapiga kura wa Hall of Fame, ile nyumba ya heshima ya magwiji wa futiboli, walisitasita?

MzeeWaYadi

Jiwe hoja yako naiheshimu, na habari ya dola tatu ni kweli kabisa. Lakini angalia nani walikuwa humo. Reggie White alianzia huko. Steve Young, Jim Kelly, Herschel Walker, wote hao. White, Young na Kelly leo wako Canton kwenye Hall of Fame. Hiyo ligi iliuliwa na pesa na kiburi cha wenye timu kutaka kuhamia majira ya NFL, kwa wachezaji haikuwa maskini. Kwa hiyo ukiniambia alikuwa bora kwa misimu mitatu mfululizo mbele ya watu kama hao, mimi nachukua.

Halafu kipimo chenyewe kilikuja 1986. USFL imekufa, Mora anachukuliwa na New Orleans Saints kuwa kocha mkuu, unadhani anaondoka na nani? Na makocha wengine wawili waliokuwa naye Stars muwakumbuke, Dom Capers na Vic Fangio. Hawa nao wakaenda Saints. Nitawarudia.

Saints kipindi kile. Timu imeanza kucheza 1967, miaka karibu ishirini, haijawahi kumaliza msimu na ushindi mwingi kuliko vipigo. Hata mara moja. Mashabiki walikuwa wanavaa mifuko ya karatasi kichwani uwanjani kwa aibu. 1987, msimu wa pili wa Mora na Mills, Saints wakashinda 12 wakapoteza 3, wakaingia mtoano kwa mara ya kwanza tangu timu iundwe.

Dogo wa Nyali

Hapo ndo kuna ile Dome Patrol sindio? Nimeona watu wakisema ndio safu bora ya malainibeka haijawahi tokea. Eleza hiyo maneno vizuri kaka.

MzeeWaYadi

Ndiyo yenyewe. Saints walicheza mfumo wa watu watatu mbele na malainibeka wanne. Pembeni huku Rickey Jackson, pembeni kule Pat Swilling, hawa ndo wavamizi wa kwotabeki, Swilling 1991 alichukua tuzo ya mchezaji bora wa difensi wa ligi nzima akiwa na kuangusha makwotabeki mara 17. Katikati Vaughan Johnson, anagonga kama ana ugomvi na mtu. Na pembeni ya Johnson, Sam Mills, ambaye ndo alikuwa anawaendesha wote.

Msimu wa 1992 wote wanne wakaitwa Pro Bowl, mechi ya nyota wa ligi. Malainibeka wanne wa timu moja, na haikuwahi kutokea kabla yao. 1991 na 1992 Saints ndo ilikuwa difensi iliyoruhusu pointi chache kuliko zote kwenye ligi.

Sasa nieleze alichokuwa anafanya, maana watu wanasema moyo, moyo, kila mchezaji mfupi anasifiwa moyo. Moyo alikuwa nao lakini kilichomweka pale ni kichwa na kiuno.

Kichwa kwanza. Kabla mpira haujachezwa, kwa lainibeka wa ndani jicho halikai kwa mwenye mpira, linakaa kwa wale gadi, majitu ya mbele ya wapinzani. Gadi akivuta mguu nyuma kidogo hivi, ni pasi. Gadi akiruka kwenda pembeni, mpira unakimbizwa upande huo. Uzito wa mkono wake chini ukipungua ujue anajiandaa kurudi nyuma. Mtu wa kawaida anaona hayo baada ya tukio, kwenye marudio. Mills alikuwa ameshayaona yote kwenye mikanda ya video siku tano kabla, kwa hiyo gadi anapoinua kisigino yeye ameshaanza kukimbia. Ndo maana mtu ambaye hakuwa na mbio kuliko wenzake alikuwa anafika wa kwanza.

Halafu kiuno, na hapa ndo ile mieleka niliyowaambia muiweke akilini. Jitu la sentimita 195 linakuja kukuzuia, ili likushike lazima liiname. Likiinama linapoteza nguvu za miguu. Mills yeye alishakuwa chini tayari, anaingia chini ya kwapa, anainua, jitu linayumba, yeye anapita kwenda kumaliza kazi. Kile walichokiita kasoro kilikuwa kinamsaidia kila mchezo na skauti na vipimo vyao vya ukutani hawakukiona.

Jiwe_la_Pembeni

Hapo kwenye kuinama umenishika, sikuwahi kufikiri hivyo. Lakini Saints si hawakushinda kitu? Mtoano walikuwa wanatolewa kila mara.

MzeeWaYadi

Kweli, na inauma. 1987 wakapigwa na Vikings 44-10 tena nyumbani. 1990 Bears 16-6. 1991 Falcons 27-20. 1992 Eagles 36-20, wakiwa wanaongoza mpaka robo ya mwisho wakaachia. Mechi nne, vipigo vinne. Safu ile ya malainibeka haikushinda hata mechi moja ya mtoano ikiwa Saints. Upande wa mashambulizi haukuwa na makali ya kutosha, mimi naamini hivyo, na naamini pia ndo sababu kubwa Mills alicheleweshwa Canton. Wapiga kura wanapenda pete, ile wanayopewa mabingwa.

Mama Kulthum

Nasoma kimyakimya tangu mwanzo. Hebu tufike Carolina, mume wangu ni mshabiki wa hao Panthers siku hizi na sijui hata alianzaje 😀

MzeeWaYadi

Twende Carolina, mama.

1995 NFL inaongeza timu mbili mpya, Jacksonville na Carolina Panthers. Kocha mkuu wa kwanza wa Panthers ni nani? Dom Capers, yule wa Stars. Msimamizi wa difensi? Vic Fangio, yule wa Stars na Saints. Mills ana miaka 36, mkataba umeisha New Orleans. Watu wengine wanaona mzee, hawa wawili wanaona mtu wa kwanza wa kumtafuta. Hapa ndo hoja yangu yote ilipo wakuu. Waliompima kwa futi walimkata, waliofanya naye kazi asubuhi mpaka jioni hawakutaka kabisa kufundisha difensi bila yeye. Mora mwenyewe alishasema Mills ndiye mchezaji bora kuliko wote aliowahi kufundisha, na Mora amefundisha watu.

Panthers wanaanza maisha kwa kufungwa mechi tano mfululizo. Uwanja wao Charlotte haujaisha, wanacheza nyumbani kwa watu, uwanja wa chuo cha Clemson kule South Carolina. Tarehe 15 Oktoba 1995 wanakuja New York Jets. Jets wako mbele, kipindi cha kwanza kinakaribia kuisha. Kwotabeki wa Jets, Bubby Brister, anataka kutoa pasi ile fupi ya kusukuma kwa mkono wa chini, mpira unatoka kiunoni kwenda kwa mkimbiaji aliye hatua chache mbele yake. Ni pasi salama, kazi yake kuwahadaa majitu wanaokimbilia kwotabeki. Shida ni kwamba Mills hakukimbilia kwotabeki. Alibaki katikati, ameinama, anaangalia, mpira ukatoka mkononi mwa Brister ukaingia mikononi mwake kama alikuwa ameagizwa aupokee. Yadi 36 mpaka mwisho, tachidauni, yaani amefikisha mpira eneo la kufungia, Panthers wakaongoza. Mechi ikaisha 26-15, ushindi wa kwanza kabisa katika historia ya timu, na umetoka kwa mzee wa miaka 36 aliyekatwa Cleveland.

Wakamaliza mwaka ule 7-9, yaani ushindi 7 vipigo 9, timu mpya haijawahi kufanya hivyo msimu wa kwanza. Mwaka uliofuata ndo balaa, 1996, 12-4, mabingwa wa kundi lao, wanacheza na Dallas Cowboys ambao ndo mabingwa watetezi wa Super Bowl, fainali kuu ya NFL, Januari 1997 Charlotte. Panthers 26, Cowboys 17. Dakika za mwisho Troy Aikman anajaribu kurudi mchezoni, pasi yake inanaswa, na nani, na Mills tena. Ana miaka 37. Mwaka huo akachaguliwa kikosi cha kwanza cha bora wa ligi nzima. Nusu fainali wakatolewa na Green Bay 30-13.

Akacheza na 1997 kisha akapumzika. Misimu 12 NFL, mechi 181, kunasa pasi 11, kuangusha makwotabeki mara 20 na nusu, Pro Bowl mara 5. Kumbuka hizo zote zimeanza akiwa na miaka 27, umri ambao wengine wameshaanza kuhesabu maumivu ya magoti. Na hapo sijaweka misimu mitatu ya USFL.

MbongoCharlotte

Mleta uzi Mungu akubariki. Mimi niko huku Charlotte miaka mingi, nikuongezee la huku. Sanamu yake ya shaba iko nje ya uwanja, wazazi wanapiga picha watoto hapo, na asilimia kubwa ya hao wazazi hawakumuona akicheza. Namba 51 ndo namba pekee ambayo Panthers wameistaafisha, hakuna atakayeivaa tena. Kabla ya mechi ya nyumbani kuna ngoma kubwa, anaalikwa mtu maarufu au mchezaji wa zamani anapanda kuipiga, uwanja mzima unapiga kelele Keep Pounding, upande mmoja Keep, upande mwingine Pounding. Na ndani ya kola ya jezi, ile sehemu inayogusa shingo nyuma, maneno hayo yameshonwa humo. Nina jezi moja nyumbani, ukiigeuza unayaona.

Kwa hiyo mimi sikubaliani na wewe kidogo. Hayo maneno ndo yanafanya jina lake litajwe kila Jumapili. Bila hayo angekuwa anajulikana na watu wachache wazee wa New Orleans tu.

MzeeWaYadi

Kaka wa Charlotte asante sana kwa hiyo ya kola, na hoja yako ina uzito. Basi niielezee hiyo sehemu, halafu nikujibu.

Alipostaafu aliingia moja kwa moja kwenye benchi la makocha la Panthers, baada ya muda akawa kocha wa malainibeka. Timu iliporomoka, 2001 walishinda mechi 1 wakapoteza 15. John Fox akaja 2002. Agosti 2003, kambini kabla ya msimu, Mills anaambiwa ana kansa ya utumbo, na madaktari wanampa miezi tu. Kipindi hicho hicho lainibeka wake mmoja, Mark Fields, naye anagundulika na kansa ya tezi za limfu, kocha na mchezaji wake, chumba kimoja cha mikutano. Mills akaanza matibabu ya kemikali na akaendelea kufundisha. Dawa siku hii, siku nyingine yuko uwanjani na filimbi. Siku akiwa hajiwezi kabisa anakosa, akipata nguvu anarudi.

Timu ile ikaanza kushinda, ikaingia mtoano. Kabla ya mechi na Dallas, Januari 2004, wakamuomba aongee na wachezaji. Akawaambia alipojua ana kansa alikuwa na mambo mawili ya kuchagua, kuacha au kuendelea kupambana, keep pounding, yeye ni mpiganaji akachagua kuendelea, na wao pia ni wapiganaji. Kesho yake wakawapiga Dallas 29-10. Wakawatoa Rams ugenini kwenye muda wa nyongeza wa pili, wakawatoa Eagles 14-3 Philadelphia, wakafika Super Bowl. Timu iliyokuwa 1-15 miaka miwili nyuma. Wakafungwa na Patriots 32-29, kwa pointi za mpira uliopigwa kwa mguu na Adam Vinatieri zikiwa zimebaki sekunde 4.

Madaktari walisema miezi. Alifundisha msimu huo, akafundisha na uliofuata. Alifariki tarehe 18 Aprili 2005, miaka 45.

Sasa kaka nikujibu. Yale maneno yalisikika kwa sababu ya nani aliyasema. Chumba kile kilikuwa na watu wa kulipwa mamilioni, wameshasikia hotuba za kila aina tangu wako sekondari. Angesimama mtu mwingine wangepiga makofi wakaenda kulala. Aliyesimama mbele yao walikuwa wamekaa naye gizani kwenye mikanda ya video, amewaonyesha kisigino cha gadi mara elfu, na walijua kwamba enzi zake aliyafanya hayo kwa urefu ambao ligi ilisema haufai. Dan Morgan alikuwa lainibeka wake kwenye ile Super Bowl, na leo Morgan ndo meneja mkuu wa Panthers. Ukitenganisha maneno na mchezaji unabaki na fulana ya kuuza tu.

MbongoCharlotte

Hapo nimekuelewa. Na ni kweli hata huku vijana wanaijua ngoma ila ukiwauliza alicheza nafasi gani wengine wanakwambia beki wa pembeni.

Mwalimu Rehema

Na Hall of Fame alipata akiwa hayupo tena?

MzeeWaYadi

Ndiyo mwalimu. Mchezaji ana miaka 20 ya kupigiwa kura kwenye orodha ya kawaida, ikiisha anahamishiwa orodha ya wazee na huko foleni ni ndefu. Mills alipita 2022, mwaka wake wa 20, wa mwisho kabisa. Tarehe 6 Agosti 2022 kule Canton, Ohio, mkewe Melanie ndo aliyesimama kuongea kwa niaba yake. Dick Vermeil aliingia siku hiyo hiyo, LeRoy Butler, Tony Boselli na wengine. Rickey Jackson aliyecheza naye New Orleans alishatangulia tangu 2010.

Miaka ishirini kumpigia kura mtu ambaye kila kocha wake alikuwa anamuongelea hivyo. Mimi hilo sijawasamehe. Hoja zilikuwa zile zile, kaanza NFL amechelewa, hana pete, takwimu za uvamizi ni ndogo. Lakini alichelewa kwa sababu nyie ndo mlimfungia mlango 1981, sasa mnamhesabia ule muda aliokaa nje? Misimu mitatu alikuwa anacheza USFL na anashinda ubingwa. Na uvamizi haikuwa kazi yake, alikuwa na Swilling na Jackson pembeni kwa kazi hiyo.

Jiwe_la_Pembeni

Nimebadilika mkuu nakiri. Hilo la kumhesabia muda waliomfungia wenyewe sina jibu.

Dogo wa Nyali

Mtoto wake si pia alikuwa kocha?

MzeeWaYadi

Sam Mills III, ndiyo. Alifanya kazi hapo hapo Panthers miaka mingi, akafikia kufundisha mstari wa mbele wa difensi, baadaye akaenda na Ron Rivera Washington. Na Fangio, yule aliyemfundisha Mills timu tatu tofauti, Februari 2025 ndo alikuwa msimamizi wa difensi ya Eagles walipowafumua Kansas City kwenye Super Bowl 40-22.

Mama Kulthum

Nimemsomea mume wangu kipande cha Jets, kasema hakujua. Sasa anataka kuona. Aanze na mechi ipi?

MzeeWaYadi

Mama mwambie atafute hiyo ya Jets ya Oktoba 1995, halafu ya Cowboys ya Januari 1997, vipande vyake vipo mtandaoni. Asifuate mpira. Kila mara wanapojipanga amtafute 51 katikati, amuangalie yeye tu sekunde mbili kabla ya mpira kutoka. Atamuona anaelekeza mkono, anampiga mwenzake mgongoni asogee, anahama hatua moja kushoto. Halafu aangalie mpira ulienda upande gani. Akishaona mara tatu nne arudi hapa atuambie.